Binti Herode

Wiki moja kabla ya Krismasi, hapa Iringa ninapoishi sasa, vijana hupita mitaani wakisukuma mikokoteni iliyojaa matawi mabichi ya msonobari. Huyakata huko kwenye mashamba ya miti na kuwauzia wanaotaka kupamba sebule zao. Harufu yake inaingia ndani hata kabla hujafungua mlango. Ni harufu kali ya utomvu, inayofanana na ile dawa ya kikohozi tuliyopakwa kifuani tulipokuwa wadogo. Mimi sinunui kila mwaka. Lakini mkokoteni ukipita, huwa naacha ninachofanya, nasimama kidogo, na ghafla nina miaka saba tena, niko Uyole, na kanisa letu limefungwa matawi hayo kila dirisha.

Wanangu hawaijui harufu hiyo kama ninavyoijua mimi. Krismasi yao imo zaidi kwenye simu. Wameiona hadithi ya kuzaliwa kwa Yesu kwa namna nyingi hadi wanaweza kukaa mezani wakabishana saa nzima: ile ya katuni ambayo punda ndiye anayesimulia, ile ya nyimbo tupu, ile yenye mamajusi watatu, na nyingine yenye mamajusi kundi zima na walinzi wao.

"Sasa Mama, ya kweli ni ipi?"

Huwaeleza taratibu, maana swali ni zuri. Nawaambia hadithi ya sikukuu si kama hesabu ambayo jibu lake moja limeandikwa nyuma ya kitabu. Inafanana zaidi na wali. Mchele ni uleule, lakini wali wa shangazi haufanani na wa jirani, na kote unakula unashiba. Halafu nawaambia kwamba sisi tulikuwa na namna mpya kila mwaka bila simu. Tulikuwa na Mwalimu Kyando.

Mwalimu Kyando alifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya. Ilipofika Novemba, mvua za kwanza zikianza, alinunua kaunta buku jipya na kuandika igizo la Krismasi upya kabisa. Hakupenda kurudia. Mwaka mmoja, nyumba ya wageni iliyowakataa Yusufu na Maria ilikuwa gesti ya Igawa, kando ya barabara kuu, imejaa madereva wa malori, na mwenye gesti alikuwa mama mmoja wa kwaya aliyesimama mlangoni na funguo kiunoni akisema, "Hata pa kuweka kijiko hapana, baba." Mwaka mwingine wachungaji wa kondoo wakawa wafugaji wa ng'ombe kutoka bonde la Usangu. Mzee mmoja aliyehamia huko kutoka kaskazini akatuazima ndama wa kweli, na ndama yule, tukiwa katikati ya wimbo, akala nyasi zote za hori na nusu ya maua ya madhabahuni. Mwaka uliofuata mamajusi walitoka Tunduma, Sumbawanga na Songea, wakaleta mchele, asali na dumu la mafuta ya alizeti. Watu walicheka hadi wakafuta machozi, halafu walipofika horini wakanyamaza wote. Mwalimu Kyando alijua kufanya hivyo.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Herode alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa matrekta. Alizoea kuongea juu ya mngurumo wa injini, kwa hiyo sauti yake ilikuwa kubwa hata akiomba chumvi. Mwalimu Kyando alisema hajawahi kusikia sauti iliyozaliwa kwa ajili ya Herode kama ile. Wakamvika pazia jekundu la sebuleni kwetu kuwa joho, na taji lililokatwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Akisimama mbele na kupiga kelele, "Nani huyo anayeitwa mfalme? Mfalme ni mimi!", vikongwe wa benchi la mbele walishika vifua.

Nyumbani, mtu huyohuyo alinimenyea kiazi cha moto na kukipuliza kabla hajaniwekea mkononi. Nilikaa na jambo hilo kichwani muda mrefu nikijaribu kulielewa. Mtu anawezaje kuwa wawili? Mwishowe nilipata jibu, na ninataka mnielewe jinsi lilivyokuwa la maana kwa akili ya miaka saba. Katika masomo ya Jumapili tulifundishwa kwamba kanisani hakuna kudanganya. Mahali pengine mtu anaweza kuteleza, lakini pale mbele, Mungu anasikia kila neno. Basi, niliwaza, yale Baba anayosema nyumbani huenda ni ya kujifanya. Anayosema pale mbele ndiyo ya kweli.

Ushahidi ulikuwepo. Mwaka wa ndama, Mwalimu Kyando aliongeza sehemu ya askari wa Herode kutafuta watoto wachanga. Akina mama wa kwaya walisimama wamebeba wanasesere wa vitambaa, na Baba akanguruma, "Watafuteni! Asibaki hata mmoja!" Askari wakaja na mapanga ya mbao, wakawapokonya wanasesere, wakaondoka nao. Mmoja alikuwa wangu. Baba mwenyewe aliniomba nimwazime, na nilimwazima kwa moyo mweupe. Mwanasesere alirudi shingo imechanika. Mama alimshona kwa uzi mweusi, lakini kuanzia siku ile yule mwanasesere alinitazama kama mtu anayejua jambo.

Shuleni nako hawakunisaidia. Tulikuwa na kijana anaitwa Lusajo, mdomo wake haukujua kupumzika.

"Binti Herode! Habari za ikulu?"

"Niache, we!"

"Mwambie baba yako asipite kwetu. Tuna mtoto mdogo!"

Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka kidogo, kama anavyocheka mtoto asiyetaka kulia mbele ya watu.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliofuata, Mama alijifungua mtoto wa kiume. Baba ni Mnyakyusa, na alimpa jina la kwao, Ambakisye, kwa kushukuru kwamba Mungu amemhurumia. Mimi niliitwa Tupokigwe, Tupo kwa kifupi, na tayari nilijiona ni nusu ya mama yake. Nilijua kumfuta pua. Nilijua kwamba anapenda kushikwa kisigino.

Kanisani kwetu kulikuwa na desturi: mtoto wa mwisho kuzaliwa kabla ya Krismasi ndiye anayelazwa horini. Ilikuwa heshima kubwa kwa familia. Mwalimu Kyando alikuja nyumbani na kaunta buku kwapani, akaketi, akapewa chai, akamtazama mdogo wangu kama anayepima kitambaa cha suti.

"Huyu huyu," akasema. "Baba Herode, mwana Yesu. Haijawahi kutokea, Baba Tupo!"

Baba akacheka kwa sauti yake yote. Mama, ambaye ni Mhehe wa huku Iringa na hacheki ovyo, naye akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na moto, nikakirudisha kiazi changu jivuni.

Sikumwambia mtu wa nyumbani. Ningemwambia nani? Nilimwambia Bibi Zuhura.

Bibi Zuhura aliishi ng'ambo ya barabara kuu. Wazee wake walitoka Pwani zamani wakafuata biashara hadi Mbeya, na yeye na marehemu mumewe waliuza vitenge na kanga hapo Uyole tangu kabla sijazaliwa. Ni yeye aliyetuazima kanzu na vilemba vya mumewe kila Krismasi kwa ajili ya mamajusi. Alivipiga pasi mwenyewe na kuvileta vimekunjwa kwenye karatasi, halafu baada ya sikukuu Mama alivifua na kuvirudisha na sahani ya maandazi. Sikukuu ya Idi sahani iliondoka kwake ikaja kwetu na pilau. Ndivyo tulivyoishi, na hatukuona kama ni jambo la kusimulia.

"Bibi," nilimuuliza siku moja nikimsaidia kuokota mawe kwenye mchele, "wewe unaijua hadithi ya Krismasi?"

"Krismasi ni yenu, mjukuu wangu. Lakini kisa cha Bibi Maryamu na mwanawe nakijua. Nimefundishwa nikiwa mdogo kuliko wewe."

Akanisimulia. Kwake, Bibi Maryamu alikwenda mbali peke yake. Uchungu ukamshika, akauegemea mtende. Akaambiwa autikise, tende mbivu zikamwangukia, na chini yake kukawa na maji ya kunywa. Aliporudi kwa watu wake wakamsema vibaya, na mtoto, mchanga vile vile, akafungua mdomo kumtetea mama yake.

Niliyasahau mawe ya mchele.

"Yusufu yuko wapi?"

"Katika kisa hiki hayumo."

"Na ng'ombe?"

"Hayumo."

Nikaweka chini ungo wa mchele. "Na Herode?"

Bibi Zuhura akafikiri kidogo. "Herode? Hapana. Hayumo."

Sijui kama mtu mwingine yeyote duniani amewahi kufurahi hivyo kwa kusikia neno moja. Kumbe kulikuwa na hadithi ya pili! Mtoto yuleyule, mama yuleyule, lakini bila Herode. Na hadithi hiyo ilikuwa na nyumba, nyumba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya barabara, na mimi nilikuwa nimekaa ndani yake.

Siku ya Krismasi igizo lilifanywa baada ya ibada ya kwanza, kabla watu hawajaenda kula. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti. Akina mama walikuwa katika darasa la watoto nyuma ya kanisa wakifungana vitenge, na Mama akamlaza Ambakisye kwenye mkeka, amelala, kavishwa shuka jeupe.

"Tupo, mwangalie mdogo wako. Nakwenda kupanga sauti na wenzangu, nakuja sasa hivi."

Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia Baba akijaribu koo lake. "Watafuteni! Asibaki hata mmoja!"

Nilimwinua mdogo wangu. Nilimbana kifuani na kumfunga kwa kitenge, mafundo mawili, kama nilivyozoea kumfunga mwanasesere. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kwenye matuta ya viazi, nikaruka mtaro. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikafika barabarani.

Wanaoijua Uyole wanaijua barabara ile. Malori yanayotoka mpakani hupita pale yakiwa yamefuatana, na dereva aliye juu kule hamwoni mtoto wa miaka saba. Nilisimama ukingoni, upepo wa magurudumu ukinivuta gauni. Lilipita la kwanza, la pili, la tatu. Halafu nikakimbia. Nilisikia honi ndefu nyuma yangu, na mwanamke aliyeuza ndizi kando ya barabara akapiga ukelele. Leo nina watoto wangu, na kila tukifika barabarani huwashika mkono hata wanaponiambia wamekua.

Bibi Zuhura alinifungulia, akatazama kitenge kilicholowa. Kwanza alimpokea mtoto. Alishika nyayo zake, akamvua shuka lenye maji, akamfunga kanga kavu mbili na kumweka karibu na jiko la mkaa. Kisha akanigeukia mimi na kunifuta kichwa.

"Haya. Sema."

"Herode anataka kumuua Amba. Kwako hayumo. Ulisema."

Uso wake haukucheka. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kanga kavu. Mtu mzima mwingine angecheka, na mimi nisingemwamini mtu mzima tena kwa muda mrefu.

"Nilisema," akajibu. "Kaa hapo."

Haukupita muda. Yule mama wa ndizi alikuwa ameshawaonyesha wazazi wangu njia. Nilisikia buti zikikimbia kwenye matope, halafu ile sauti.

"Hodi! Bibi Zuhura! Hodi!"

Nilichungulia kwenye ufa wa mlango. Pazia jekundu limelowa, taji limekaa upande, macho yametoka. Alikuwa Herode mtupu. Nikaruka nyuma ya magunia ya mchele.

"Bibi, ulisema hayumo!"

"Nilisema, mjukuu wangu," akasema Bibi Zuhura akiinuka. "Sasa naona kaja kwa miguu yake."

Akafungua mlango nusu, akasimama katikati yake. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini mlango ulijaa.

"Mtoto wako mchanga ni mzima, Baba Tupo. Ana joto, amelala. Mkubwa naye ni mzima. Lakini usiingie."

"Alhamdulillahi," akasema Baba, ambaye hakuwa Mwislamu. Akashika nguzo ya baraza. "Ndaga fijo, Bibi. Asante. Asante sana. Nimekufa mara tatu njiani. Sasa kwa nini nisiingie?"

"Mwanao anakuogopa. Anasema wewe ni Herode."

Baba alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyetoka kwenye hofu, kisha kikamfia mdomoni.

"Tupo," akaita, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia akijaribu kuipunguza sauti ile. "Tupo, ni mimi, baba."

"We ni Herode!"

"Ule ni mchezo tu, mwanangu."

"Kanisani hawadanganyi!"

Mvua ilikuwa imeongezeka. Baadaye Baba aliniambia kwamba hajawahi kuulizwa swali gumu kama lile, na kwamba pale pale aliona nilivyokuwa nimeishi mwaka mzima.

Mama akafika, miguu mitupu, analia na kunitisha kwa wakati mmoja. "Tupokigwe! Leo nitakuchapa hadi majirani waje!"

"Mama Tupo, zunguka uani, uje umnyonyeshe mtoto," akasema Bibi Zuhura. "Kuchapa kutakuwepo hata kesho."

Mama akazunguka, akaingia, akamchukua mdogo wangu, akaketi. Alishindwa vifungo, na Bibi akamfungulia. Hakunichapa siku hiyo wala kesho yake.

Nje, Baba alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, mvuani. Nilimwona mgongo.

"Bibi Zuhura," akasema bila kugeuka, "kwenu Herode hayumo kabisa?"

"Hayumo."

"Kwetu yumo. Lakini unajua mwishowe anakuwaje? Hatujawahi kuigiza sehemu hiyo. Mwalimu Kyando huwa anaishia kwenye nyimbo."

"Anakuwaje?"

"Anakufa. Anakufa yeye, na mtoto anarudishwa kwao salama."

Bibi Zuhura akafunga vizuri mtandio wake. "Basi na afe. Watoto wanapata baridi."

Baba akasimama. Akashuka chini, mbele ya mlango, mahali nilipoweza kumwona. Akashika kifua. Na sasa niwaambie alivyokufa, maana sijaona kifo kama kile katika igizo lolote tangu siku hiyo. Alikufa kama trekta. Alianza kukohoa, akatikisika mabega, akanguruma, akakwama, akawaka tena, akazunguka mara mbili, akatoa mlio mrefu wa injini iliyoishiwa dizeli, kisha akaanguka chali kwenye matope. Taji likabiringika hadi kwenye mtaro.

Watu wawili waliokuwa wakipita na mwavuli walisimama. "Jamani! Baba Tupo kaanguka!"

"Mwacheni," akasema Bibi Zuhura kutoka mlangoni. "Anakufa."

Baba hakusogea. Mvua ilimpiga usoni, ikamwingia puani, na hakufuta. Nilingoja. Nilikuwa najua michezo ya watu wazima: huvumilia kidogo, halafu hufungua jicho moja. Baba hakufungua. Pazia letu la sebuleni lilikuwa linachafuka rangi ya udongo, na yeye alilala tu kama mtu aliyeamua kwamba atalala pale hadi Pasaka ikibidi.

Nilitoka nyuma ya magunia. Nikapita chini ya mkono wa Bibi. Nikamsogelea, nikamgusa shavu kwa kidole.

"Herode kafa?" akauliza, macho yamefumba.

Nikamwangalia vizuri. Niliangalia mikono yake yenye weusi wa oili usiotoka kwenye kucha, ile iliyokuwa inanimenyea viazi.

"Kafa," nikasema.

"Umehakikisha?"

"Nimehakikisha."

Akafungua macho. "Basi nisaidie kuinuka, mwanangu. Maji yameingia masikioni."

Tulirudi kanisani tukiwa msafara. Mama alimbeba Ambakisye, Bibi Zuhura akawashikia mwavuli, Baba akanibeba mimi begani na taji mkononi. Tulivuka barabara akiwa amesimamisha lori zima kwa mkono mmoja. Upande wa pili akanishusha, akachuchumaa.

"Sikiliza, Tupo. Nilipaswa kukueleza mapema, sikujua. Mwalimu alipouliza nani atakuwa Herode, wote waliangalia chini. Hakuna anayetaka. Nikaona afadhali awe mtu anayependa watoto, kwa sababu panga la mbao mkononi mwake litabaki la mbao. Pale mbele hatudanganyi. Tunawaonyesha watu ubaya unafananaje, ili wakiuona wautambue. Umeelewa?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Lakini ukisema niache, naacha. Leo hii hii. Mwalimu atajua la kufanya."

Nilifikiri sana. Watu walikuwa wameshaanza kutukimbilia.

"Usiache," nikasema. "Lakini mimi nitakaa na Amba."

Mwalimu Kyando alipoambiwa, alishika kichwa. "Dada? Baba Tupo, katika Maandiko hakuna dada horini."

"Na gesti ya Igawa imo?" akauliza Baba.

Mwalimu akafunga kaunta buku lake. Akanitafutia kitenge kikavu.

Baba yupo, anazeeka taratibu kulekule Uyole, na magoti hayamruhusu tena kuanguka chali. Bibi Zuhura tulimzika miaka mingi iliyopita. Nimelea, nimefundisha watoto wa watu, nimewaona wazazi wengi wema wakikutana na hofu ya mtoto wao kwa kicheko au kwa fimbo, si kwa ubaya, ila kwa haraka. Ndipo ninapojua nilipewa nini. Mmoja alinifungulia mlango wa hadithi yake bila kujali mimi ni wa dini gani. Mwingine aliongeza ukurasa kwenye hadithi yetu akiwa amelala matopeni. Kama una mtoto anayeogopa kitu usichokielewa, usivunjike moyo; kaa kwenye ngazi kidogo. Jambo la kufanya litakuja.

Siku ile igizo lilianza limechelewa, watu wana njaa, nguo za Herode zinadondosha maji. Nilikaa kando ya hori nimeshika kisigino cha mdogo wangu. Wachungaji wakaja, mamajusi wakaja na vilemba vyao vilivyopigwa pasi. Kisha Baba akaingia. Alifika katikati, akavuta pumzi, akanguruma, na Ambakisye akaamka akipiga kelele.

Msichana aliyekuwa Maria akamwinua, akamtikisa. Alizidi kulia. Mama alikuwa nyuma kwenye kwaya, amezibwa na watu. Kanisa zima lilikuwa linatazama, na Baba alikuwa amesimama, hajui aendelee au aache. Alinitazama mimi.

Nikasimama. Nikamtoa mdogo wangu mikononi mwa Maria, nikamkumbatia, nikatembea naye kupita mamajusi wote watatu. Nilisikia mama mmoja akisema kwa sauti, "We mtoto, unampeleka kwa Herode?" Ndiyo, nilikuwa nampeleka kwa Herode. Nilinyoosha mikono, na Baba akampokea.

Ambakisye aliifahamu sauti ile tangu akiwa tumboni. Alilia mara mbili zaidi, akasinasina, akaweka shavu kwenye lile pazia lililolowa, akatulia, akalala. Mfalme alianza kuyumba polepole, mguu huu, mguu ule. Igizo lilikuwa bado halijaisha na maneno yake yalikuwa bado yapo, basi akayasema. Aliyasema yote, hasira yake yote na vitisho vyake vyote, neno baada ya neno, kwa kunong'ona, ili mtoto asiamke.